Bata wangu wanataga mayai ya ngozi tupu, ganda hamna. Nimekwama

Mama wa Mtopanga

Assalaam aleikum, na habari za mchana kwenu nyote.

Nina bata saba hapa nyuma ya nyumba, Mtopanga, Mombasa. Majike sita, dume mmoja. Majike wanne ni Pekin weupe niliowalea mwenyewe tangu vifaranga, wawili ni hawa wetu wa kienyeji wenye uso mwekundu. Mwaka jana wote nilikuwa naokota mayai manne, mara matano, kila kukicha. Mayai makubwa, ganda gumu, ukilipiga kwenye ukingo wa bakuli lazima upige mara mbili. Namuuzia mama mmoja wa Majengo anayeoka mkate wa mayai. Ya kuku hayataki, anasema ya bata humuumkia vizuri zaidi na mkate unakuwa na rangi.

Tangu mwisho wa Januari mambo yameharibika. Lilianza yai moja. Lilikuwa kwenye majani makavu pembeni mwa banda, nikalishika likabonyea kama puto lenye maji. Ngozi tupu, na nilipolielekeza kwenye jua nikaona kiini kinaelea ndani. Nikasema ni bahati mbaya ya siku moja. Wiki iliyofuata yakawa matatu. Juzi katika mayai matano, mawili ni ngozi, moja lilipasuka mkononi kabla sijalitia kwenye trei, na mawili yaliyobaki yana vipele juu kama yaliyonyunyiziwa mchanga. Mama wa Majengo alinirudishia trei nzima. Hakunikasirikia, aliniambia tu kwa upole kwamba yalivunjika kwenye boda akiwa njiani, na nguo zake zikaharibika. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Tena siku hizi sijui hata yaliyotagwa ni mangapi, maana kunguru wameshajua. Yai la ngozi wanalitoboa kwa mdomo mara moja, nikifika nakuta kiraka cha majimaji na nzi.

Jirani ameniambia wanahitaji chokaa, ninunue ile ya kupaka ukuta nichanganye kwenye chakula. Nimeshanunua kilo moja, ipo jikoni, lakini mkono unasita. Aliyewahi kupatwa na haya aniambie alifanya nini. Bata hawa nawapenda, si biashara tu.

Kijana wa Likoni

Mama shikamoo. Hiyo chokaa usiwape kabla hujajibiwa na wanaojua, tafadhali. Mimi nina bata watatu tu, lakini nakuuliza ili wakubwa wakija wakute habari kamili. Hao Pekin wana umri gani? Maana bata anapoanza tu kutaga, mayai yake mawili matatu ya mwanzo huweza kuja laini na baadaye yakakaa sawa, wangu walifanya hivyo. Wanakula nini? Wanakunywa maji gani? Kuna dawa yoyote umewapa? Wanalala wapi, na usiku kuna kelele?

Mama wa Mtopanga

Marahaba mwanangu, ahsante kwa maswali.

Pekin wana mwaka na miezi minane, si wageni wa kutaga. Wa kienyeji mmoja ana miaka mitatu, huyo namwita Shungi kwa ajili ya manyoya ya kichwani anayoyasimamisha akiona mtu. Mwenzake ni mdogo kidogo.

Chakula nanunua chakula cha kuku wa mayai dukani, kwa kilo, wanapima kutoka kwenye gunia lililofunguliwa. Nachanganya nusu kwa nusu na machicha ya nazi, na makoko ya ugali au wali uliobaki. Mchicha nawapa kila siku, kuna kijana ananiletea mafungu yaliyonyauka kutoka Kongowea. Wanaupenda kupita kiasi.

Maji ni ya kisima. Ya mfereji hutujia kwa zamu, na yakija tunajaza mitungi ya kupikia na kunywa sisi. Kisima chetu kina chumvichumvi, lakini bata hawajawahi kuyakataa.

Dawa, ndiyo. Mwezi wa Desemba mmoja aliharisha damu, nikauziwa unga wa kutia kwenye maji kwa siku tano. Jina silikumbuki, pakiti nilishatupa.

Usiku wanalala kwenye banda la mabati. Kelele si nyingi, ila nguchiro alipita mara moja mwezi huu nikasikia wanapayuka.

Bibi wa Kuze

Mwanangu wa Mtopanga, chokaa hiyo kapakie ukuta. Ni mawe yaliyochomwa motoni, hiyo inaunguza. Ukiitia maji inachemka yenyewe, hujaona? Sasa fikiria imo kooni mwa bata.

Mimi nimefuga bata uani kwetu Mji wa Kale tangu nikiwa mwari, na mama yangu kabla yangu. Sisi tulikuwa tukisema bata anataga yai *halina kaka*, yaani halina ganda. Dawa yake ilikuwa baharini. Marehemu baba alikuwa akirudi kutoka upande wa Tudor na chaza, sisi tunakula nyama, maganda yanaoshwa, yanaanikwa juu ya paa siku kadhaa, kisha yanatwangwa kwenye kinu kibovu. Hayatwangwi yakawa unga. Yanabaki vipande kama punje za mchele uliokatika. Vinawekwa kwenye kifuu cha nazi pembeni, bata mwenyewe anajua akale lini. Utawaona jioni wanakwenda wenyewe, wanaokota kimoja kimoja.

Na mfupa wa ngisi pia, ule mweupe mwepesi unaoelea. Unaukwaruza kwa kisu.

Lakini usiende kuokota makombe pwani ya Nyali na Bamburi, kule ni hifadhi ya bahari na hairuhusiwi. Waombe wavuvi au wanaouza chaza wakuwekee maganda, wao wanayatupa. Na maganda ya mayai yako mwenyewe usiyatupe. Yachemshe, yakaushe, yavunjevunje mpaka yasifanane na yai tena, wasije wakazoea kula mayai.

Jambo hili liko kwenye damu ya mji huu. Fort Jesus wameijenga Wareno kuanzia 1593 kwa mawe ya matumbawe, na nyumba zetu za Kuze hivyo hivyo, tumbawe na chokaa. Tumbawe na kombe la chaza na kaka la yai ni kitu kimoja, tofauti ni nani aliyelijenga. Bata wako anahitaji apewe mawe yake.

Afisa Mifugo Mstaafu, Changamwe

Nimesoma yote, na Bi Mkubwa wa Kuze amesema kweli. Nitaongeza ya kwangu kwa urefu kidogo kwa sababu naona mambo manne au matano yamekutana kwa mama huyu kwa wakati mmoja, na akitibu moja tu atakata tamaa.

Kwanza tuelewe ganda linajengwaje. Ganda la yai karibu asilimia 95 ni kalsiamu kaboneti. Yai likitoka kwenye mfuko wa mayai linapita kwenye njia yake, linavishwa ute, linavishwa ngozi mbili nyembamba, halafu linafika sehemu ya mwisho ambako linakaa kama saa 20 likipakwa ganda. Bata hutaga alfajiri au asubuhi mapema, kwa hiyo kazi kubwa ya kupaka ganda inafanyika usiku, wakati bata amelala na hali kitu. Yai la ngozi ni yai lililofika pale likakosa vifaa, au likasukumwa nje kabla fundi hajamaliza.

Ndiyo maana vipande vikubwa vya chaza ni bora kuliko unga. Unga wa chokaa ya mifugo, si ile ya ukuta, hupita tumboni upesi. Kipande kigumu kinakaa kwenye firigisi, kinasagika polepole usiku kucha, na kalsiamu inaingia kwenye damu saa ile ile inayohitajika. Kwa hiyo weka chaza jioni kabla hawajaingia bandani.

Sasa chakula chako, dadangu. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Tuseme bata anakula gramu 160 kwa siku. Hapo anapata zaidi ya gramu 5 za kalsiamu, na si yote inayoingia mwilini, karibu nusu yake hutoka na kinyesi. Yai moja la kuku tu linataka kama gramu 2 za kalsiamu, na la bata ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hata chakula kizima kizima kinatosha kwa kubanabana. Wewe umekigawa nusu kwa machicha na ugali, ambavyo kalsiamu yake ni kama hakuna. Bata anakosa, anaanza kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa ikichoka unaona mayai ya ngozi.

Na bado nina shaka na hicho ulichouziwa. Nenda dukani, omba uione lebo iliyoshonwa kwenye gunia. Isome mwenyewe. Chakula cha kukuzia kuku wadogo kina kalsiamu karibu asilimia 1 tu, na kwa macho vinafanana kabisa.

Mchicha usiwakataze, upunguze. Una asidi ya oksaliki, inaikamata kalsiamu tumboni na kutoka nayo. Wape sukuma wiki au majani ya mlonge badala yake siku nyingi.

Joto. Hili watu hawalifikirii. Umesema ilianza mwisho wa Januari, na hapa Mombasa kuanzia hapo mpaka Machi ndiyo kaskazi kali, digrii 32, 33, na banda lako ni la mabati. Bata hatoki jasho. Akipata joto anafungua mdomo na kuhema, kwa kuhema anatoa hewa ya ukaa nyingi kutoka kwenye damu, na hewa hiyo ndiyo inayotengeneza ile sehemu ya pili ya ganda, yaani kaboneti. Kwa hiyo unaweza kumpa kalsiamu ya kutosha na bado ganda likawa jembamba kwa sababu ya kuhema peke yake. Juu ya hayo joto linamkatisha hamu ya kula. Walishe alfajiri kabla ya jua na tena jioni saa kumi na moja. Adhuhuri wapate kivuli na beseni la kuogea. Weka makuti juu ya yale mabati.

Dawa uliyowapa Desemba, kama ilikuwa ya kuhara damu, inawezekana ni ya jamii ya salfa. Dawa za salfa zinajulikana kuharibu ganda zikipewa ndege anayetaga. Lakini siku tano za Desemba zisingefika mpaka sasa, kwa hiyo siilaumu. Nakwambia tu ili wakati ujao usirudie bila kuuliza, na ili mayai ya siku za dawa usiyauze.

Dume wako apate chakula kingine ikiwezekana, au angalau usichanganye chaza ndani ya chakula cha wote. Dume na vifaranga hawahitaji kalsiamu nyingi, inawaumiza figo. Ikiwa pembeni, kila mmoja anachukua haki yake.

La mwisho na la haraka: mchunguze kila jike kila siku. Anayetaga mayai laini yuko kwenye hatari ya yai kukwama, kwa sababu misuli haipati kitu kigumu cha kusukuma, na misuli yenyewe inahitaji kalsiamu ili ibane. Ukiona bata amesimama wima kama mtu, mkia chini, anajikamua, hali, hafuati wenzake, usingoje kesho.

Mwenye Kuku, Tudor

Mama, kuna kuku karibu na hao bata? Nauliza kwa sababu mimi nilifuga pamoja, kuku wangu wakaanza mayai ya ngozi, bata wazima.

Afisa Mifugo Mstaafu, Changamwe

Swali zuri. Kuna ugonjwa wa virusi ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1976 kule Uholanzi, ambao makazi yake ya asili ni bata na bata bukini. Bata anaubeba na kwa kawaida haumwi. Ukiwafikia kuku, kuku wanashuka kutaga na mayai yanakuja bila rangi, membamba, mengine bila ganda kabisa. Kwa hiyo kwa mama wa Mtopanga sitaanzia hapo, ila ukiwa na kuku, banda lao, maji yao na trei zao viwe mbali na vya bata.

Mama wa Mtopanga

Ndugu zangu, naandika saa nne usiku.

Nilisoma jibu la Afisa mchana nikatoka kwenda dukani kwa miguu. Niliomba kuiona lebo. Kijana wa duka akasita, kisha akaligeuza gunia. Ni chakula cha kukuzia. Akaniambia kile cha mayai kiliisha kabla ya mwaka mpya, na kwamba alidhani kwa bata haina tofauti. Nimesimama pale nimeshika gunia la kilo 70 kama niliyeshika mkono wa mgonjwa. Wiki nane nimekuwa nikiwalisha watu wazima chakula cha watoto, tena nimekigawa nusu kwa machicha! Sikumgombeza sana, ni mtoto, lakini nilimwambia aandike kwa kalamu juu ya kila gunia na akaandika mbele yangu.

Sasa nimerudi na kilo kumi za kile chenyewe, kumbe Shungi hakutoka kula. Amesimama kwenye pembe ya banda, wima vile vile alivyoeleza Afisa, mkia unapanda na kushuka. Nimemshika tumbo kwa chini, nahisi kitu laini kama mfuko. Nimempigia daktari wa mifugo, yuko ng'ambo ya feri, anasema atakuja asubuhi. Nifanye nini usiku huu?

Afisa Mifugo Mstaafu, Changamwe

Beseni, maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila shida, yafike mpaka kwenye ubavu. Mkalishe humo nusu saa, taa hafifu, pasiwe na watoto wala mbwa. Mkaushe, umweke kwenye boksi lenye majani makavu mahali penye utulivu na hewa. Unaweza kumpaka mafuta ya nazi kidogo pale njia ya yai inapotokea, nje tu. Usimkamue tumbo. Usiingize kidole wala kijiti kulitoboa, yai laini likipasukia ndani ndilo linaloua. Mpe maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, si ya kisima. Rudia beseni alfajiri. Daktari akija atampa kalsiamu ya sindano, hiyo usimpe wewe.

Niko macho, niandikie.

Bibi wa Kuze

Na mimi niko macho. Mshike kwa kitambaa usoni, atatulia.

Mama wa Mtopanga

Nilimkalisha kwenye beseni mara tatu. Karibu na adhana ya alfajiri ngozi ilitoka, imechanika, bila kiini. Nikashukuru nikidhani yameisha. Daktari alipofika akamgusa, akanusa, akatikisa kichwa. Alimdunga kalsiamu na dawa ya kuzuia maambukizi, akaniambia kile kiini kimebaki ndani na tuombe Mungu. Siku ya pili alikula mlonge kidogo mkononi mwangu. Siku ya tatu mchana amekufa, kivulini chini ya mwembe, kichwa kimelala juu ya bawa.

Daktari alimpasua mbele yangu kwa sababu niliomba nijue. Matumbo yote yamezungukwa na kiini kilichogandamana, cha manjano kama siagi. Akaniambia hilo si la usiku mmoja, kuna yai jingine lilishapasukia ndani siku za nyuma. Tena mfupa wa paja ulivunjika alipoukunja kidogo tu, kama kijiti cha makuti. Miaka mitatu nimemlisha bata huyo, na alikuwa akijenga mayai yangu kwa mifupa yake.

Naandika haya kwa ajili ya mwingine atakayesoma. Lile yai la kwanza la Januari ningelileta hapa siku ile ile.

Kijana wa Likoni

Pole sana mama. Pole kwa Shungi. Leo nimekwenda kusoma lebo ya gunia langu.

Baba wa Kiembeni

Poleni. Mimi husoma tu, huwa siandiki, lakini kuna jambo limetajwa likapitwa, nalo ni kisima.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na bata wa mayai kumi na wawili aina ya Khaki Campbell hapa Kiembeni. Chakula sahihi, chaza ipo, kivuli kipo, makuti juu ya banda. Ganda jembamba tu. Nilikaribia kuwachinja wote. Ndipo shemeji yangu anayefuga kuku wa mayai Kilifi akaniuliza wanakunywa nini. Kwa kuku wa mayai limeshapimwa jambo hili: wakinywa maji yenye chumvi ya kawaida ganda linadhoofika, hata kama chakula kina kalsiamu yote, na hata chumvi ikiwa kidogo kiasi kwamba mtu anayanywa. Na ukiwarudishia maji matamu ganda linakawia kurudi, wengine halirudi sawa. Mfugaji anajaribu wiki moja, haoni tofauti, anasema maji siyo, anarudi kisimani.

Niliamua kuwanunulia maji ya mkokoteni, mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, ya kunywa tu. Ya kuogea niliwaachia ya kisima, ila hapo ndipo palinishinda kwanza, maana bata haogi bila kunywa. Ikabidi beseni la kuogea liwekwe saa moja tu, jioni, baada ya kuwa wameshakunywa maji matamu wakashiba. Nilikaa zaidi ya mwezi kabla sijaamini macho yangu. Wawili kati ya kumi na wawili hawakurudi kamwe.

Sasa mvua ikianza kuanguka navuna ya bati. Tangi dogo, bomba moja, kitambaa cha kuchujia. Maji ya mvua hayana chumvi na Mungu anayaleta bure. Mama, masika si mbali, tayarisha chombo mapema. Ila mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vinyesi vya kunguru juu ya bati.

Bibi wa Kuze

Hili la maji ni kweli. Kisima chetu cha zamani kilikuwa kitamu, watu wakinywa. Siku hizi visima vimechimbwa kila uchochoro na bahari inaingia. Labda ndiyo maana mama yangu hakuwahi kuhangaika kama ninyi.

Mama wa Mtopanga

Wiki ya sita leo. Niliahidi kurudi, nimerudi.

Nilifanya hivi. Chakula ni kile cha mayai pekee, nimekiona kwa lebo, na machicha sasa napeleka kwa mbuzi wa jirani. Ugali wanapata kiganja kimoja Ijumaa. Mchicha mara mbili kwa wiki, siku nyingine mlonge, mti upo hapa hapa kwenye ua na miaka yote nilikuwa naukata kuni. Banda limevikwa makuti. Nawalisha baada ya swala ya alfajiri na tena saa kumi na moja jioni. Maji ya kunywa ni ya mfereji, nanyima mmea mmoja mmoja ili wao wapate. Maganda ya chaza nilipata gunia zima kwa Bibi wa Kuze, alinipitishia kwa mjukuu wake, sikuamini. Nimeyatwanga kwa nyundo ndani ya kiroba, na yamo kwenye kifuu kama alivyosema. Na ni kweli wanakwenda jioni! Nakaa kwenye kigoda nawahesabu. Yule Pekin mwenye doa mguuni anakula vipande saba, nane, anainua kichwa, anakwenda kunywa, anarudi. Dume hapitii hata kuangalia.

Siku tisa za mwanzo hakuna kilichobadilika, ngozi, ngozi, jembamba. Nilikuwa nimeambiwa kuwa kunakawia, na bado nililia siku ya saba. Siku ya kumi nikapata yai lenye ganda gumu lakini limekwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Nililibusu, nasema kweli. Wiki ya tatu Pekin wawili wakawa sawa kabisa. Wiki ya nne wa tatu. Wa nne bado anabahatisha: siku ya upepo yai zima, siku ya joto kali jembamba. Yule mwenzake Shungi ameacha kutaga kwa sasa, ananyonyoka manyoya, Afisa ameniambia nimwache apumzike na mifupa yake ijae.

Jana mvua ya kwanza imenyesha. Niliiacha ipite kama Baba wa Kiembeni alivyosema, nikaingiza pipa mvua ya pili ilipoanza. Pipa limejaa mpaka shingo. Nimewamiminia bata beseni la maji hayo na wamelipigia mbawa hadi giza lilipoingia.

Afisa, nina swali moja lililobaki. Huyu wa nne anayebahatisha, nimtenge na dume? Naona dume anamfuata yeye kuliko wengine, na shingo yake imeota upara.

Afisa Mifugo Mstaafu, Changamwe

Ndiyo, mtenge, wiki tatu hivi, ila awe anawaona wenzake kupitia wavu, bata wa peke yake huacha kula. Kupandwa kila saa ni usumbufu, na bata anayesumbuliwa huweza kulisukuma yai nje kabla ganda halijaiva. Dume mmoja kwa majike watano si wengi, lakini kuna dume ambaye humchagua jike mmoja akamwonea. Mtazame huyo dume vilevile. Akihamia kwa jike mwingine basi tatizo ni yeye.

Mama wa Mtopanga

Nimeshafunga wavu sasa hivi, kabla ya magharibi. Amelala ubavuni mwa wavu na wenzake wamelala upande wa pili, wamegusana.

Bibi wa Kuze, Ijumaa nitavuka kuja mjini. Nitapitia kwa mama wa Majengo na trei ya kwanza, kisha nije kwako adhuhuri na mayai kumi na mawili. Niambie nikuletee na nini.

Bibi wa Kuze

Lete hicho kiroba, nimekuwekea maganda mengine. Na uje na njaa.